Theodosia Anayechambua Kahawa Akiwa Amelala

Saa moja asubuhi, ghala la kahawa la Buhigwe limekwisha kuchangamka. Milango iko wazi, ukungu unaingia bila kubisha hodi, na wanawake wameketi sakafuni kwa safu, kila mmoja na ungo wake mapajani. Wanachambua buni. Nyeusi inawekwa huku, iliyotobolewa na wadudu inatupwa kule, nzima inakwenda kwenye debe.

Wote wameketi. Mmoja amelala.

Amelala ubavu juu ya magunia yaliyokunjwa, kichwa kimeegemea mkono wa kushoto, ungo uko sakafuni karibu na uso wake. Vidole vya mkono wa kulia vinakwenda mbio kuliko vya wote waliomzunguka. Mgeni akiingia hufikiri mambo mawili: huyu ama ni mgonjwa aliyekosa kitanda, ama ni mvivu aliyekosa haya.

"Usinihurumie, ndugu mwandishi," anasema bila kuinua kichwa. "Hapa nilipo ni mzima kama wewe. Nihurumie nikisimama."

Huyu ni Theodosia, mke wa Melkiadi, mzaliwa wa Kumsenga huko Kibondo, aliyeolewa huku Buhigwe. Ana watoto wawili, Esteri na mdogo wake wa kiume. Wenzake wamemzoea kiasi kwamba siku asipokuja huliacha wazi lile eneo la magunia, wala hakuna anayekaa pale.

"Wengine huchumia juani, yeye huchumia usingizini," anasema Immakulata, jirani yake wa safu, na safu nzima inacheka, Theodosia akiwa wa kwanza. "Lakini pekua debe lake! Hutaona punje mbovu hata ya dawa."

Kicheko hicho ni cha juzijuzi tu. Kabla ya hapo hapakuwa na wa kucheka.

Mambo yalianza na mzigo wa kuni. Masika ya mwaka juzi Theodosia alikuwa akiteremka kilima, utelezi ukamchukua, akaangukia mgongo na mzigo ukamfuata. Alilala ndani mwezi mzima. Alipoinuka, mgongo ulikuwa umepinda kidogo, jambo ambalo kwa mwanamke wa milimani si la kuitia mtu mkutano. Akashika jembe lake.

Ndipo pumzi ilipoanza kumtoroka. Akisimama kwa muda, kifua kinabana, masikio yanavuma, kucha zinageuka rangi ya wino. Akijinyoosha chini, kwenye majani au kwenye vumbi, yote yanaondoka na hewa inarudi.

"Niliogopa mwenyewe," anasema. "Watu huugua wakalala. Mimi nikilala ninapona. Sasa huu ni ugonjwa gani? Nikimweleza mtu, naona tu anavyonitazama."

Alikwenda zahanati. Alipanga foleni akiwa amesimama, akaishiwa nguvu, wakamlaza kwenye benchi. Mganga alipomfikia alikuta mwanamke mwenye midomo myekundu, moyo unaopiga vizuri na mapafu yasiyo na kelele. Akarudishwa nyumbani. Mara nyingine ikawa vilevile. Safari ya tatu akaandikiwa sindano za kifua kikuu, akachomwa miezi na miezi kwa kifua ambacho hakijawahi kukohoa.

"Ugonjwa wangu ulikuwa na adabu," anasema. "Daktari akiingia, wenyewe unatoka."

Lakini zahanati haikuwa mtihani wake mkubwa. Mtihani ulikuwa nyumbani, na jina lake ni Mzee Tharsisi, baba mkwe.

Katika nyumba ya Muha, mwenyeji wa kabila la huku, mke anayelala jua likiwa limewaka ni habari ya kijiji kizima. Na kulala mbele ya baba mkwe ni jambo lisilosemeka. Mkwe akisikia kikohozi cha mzee uani, huinuka, huinama kidogo, hufumbata mikono na kusalimia. Tena salamu za Waha si za kupita njia. Utaulizwa usiku ulivyokuwa, watoto walivyoamka, ng'ombe, migomba, maharage, majirani na wagonjwa wao. Kuzikata ni dharau. Mtu akibandika chungu cha maharage salamu zinapoanza, asishangae kukuta yameiva.

Theodosia hakuwahi kufika kwenye maharage. Akiulizwa habari za ng'ombe tayari anayumba. Mara nyingine aliketi chini ghafla, mzee bado anasema. Mara nyingine alijificha nyuma ya kihenge cha mahindi na kulala huko, kisha akisikia kikohozi anaibuka mbio, macho yamemtoka na miguu haina nguvu.

"Nilidhani anakunywa," anasema Mzee Tharsisi, mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi nje ya salamu. "Halafu nikasema hapana, huyu ananidharau. Namwuliza habari za ng'ombe, yeye anakaa chini! Mimi nimelea wana, nimeoza wana. Sikuwahi kuona."

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mzee hakujua, na mkwe wake hakujua amweleze nini.

Mwishoni mwa kiangazi ukoo uliketi. Uamuzi ulikuwa mfupi: mke huyu arudishwe kwao Kumsenga, ng'ombe wa mahari wadaiwe, watoto wabaki. Theodosia aliusikia akiwa nyuma ya kihenge.

"Ng'ombe wachukue," anasema. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii vidole vyake vinasimama. "Lakini Esteri wangu! Na yule mdogo, alikuwa bado hajajua kujifunga kaptula."

Mumewe Melkiadi, kijana mpole anayebeba magunia katika ghala hilihili, alikuwa kati ya moto na maji. Hakuweza kubishana na baba yake. Aliomba jambo moja tu. Alikuwa amesikia kwamba daktari wa moyo amefika katika hospitali ya misheni upande wa Kasulu na mashine ya ajabu. Mke wake apimwe. Mashine ikiona ugonjwa, abaki. Isipoona kitu, yeye mwenyewe atampeleka Kumsenga.

Mzee akakubali, na akaongeza la kwake: atakuwapo siku hiyo, alisikie jibu kwa masikio yake.

Daktari huyo ni Khatibu Isihaka, mtoto wa muuza vitambaa wa Kasulu mjini ambaye babu yake alitoka pwani. Amesomea moyo ng'ambo, na safari hii alikuja likizo na mashine aliyoazimwa na chuo chake. Mashine hupeleka kifuani sauti ndogo ambayo sikio halisikii. Sauti ikigonga kuta za moyo hurudi, na kioo kidogo huonyesha mwangwi wake kwa mistari inayochezacheza. Ni kama mtu anayepiga kelele bondeni akasikiliza vilima vinavyomjibu, akajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali.

Theodosia alisafirishwa juu ya lori la kahawa, amelala juu ya magunia, akafika Kasulu mwekundu na mchangamfu. Alifika siku ya mwisho. Mchana huo mashine ilikuwa iondoke kwenda kupanda treni Kigoma. Kibaya zaidi, tangu vita vya Kagera mafuta ya dizeli ni ya kuomba, na fundi wa jenereta alikuwa amekwisha kusema: ukitoa akiba ya chumba cha upasuaji, yaliyobaki ni ya mgonjwa mmoja, naye asichelewe.

Muuguzi Rosa, mwenyeji wa Busunzu, ndiye aliyemwandaa. Alimlaza ubavu wa kushoto. Daktari akatoa damu kidogo kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, ule unaodunda, na ikatoka nyekundu ya kupendeza. Kisha Rosa akachukua maji ya chumvi, akayatikisa kati ya bomba mbili za sindano mpaka yakajaa vipovu vidogo mno, akayaingiza kwenye mshipa wa mkono mwingine.

Vipovu hivyo ndivyo vilivyokuwa macho ya daktari. Vinaingia upande wa kulia wa moyo pamoja na damu iliyochoka. Katika moyo mzima huishia hapo, kwa kuwa damu ikipita kwenye mapafu kuchukua hewa, vipovu huchujwa. Vikionekana upande wa kushoto, basi kuna mahali vimepenya, na damu iliyokosa hewa inapenya navyo.

Kwenye kioo vipovu vilionekana upande wa kulia, vyeupe, vikizunguka. Upande wa kushoto ulibaki mweusi kama usiku.

Daktari alingoja. Akatazama tena. Akashusha pumzi.

"Moyo wako ni mzima, mama," akasema.

Wagonjwa wengine wakiambiwa hivyo hupiga vigelegele. Theodosia alilia. Alilia kwa sauti, akishika shuka kwa ngumi, na Melkiadi aliyesimama ukutani akageuza uso.

"Nilimlaza kama nilivyofundishwa," anasema Daktari Khatibu. "Mgonjwa wa moyo hulazwa, ndivyo tunavyofanya kote duniani. Alinieleza kwamba akisimama ndipo anapougua, nami nilimsikia. Lakini mkono wangu ulikwisha kuzoea kitanda."

Aliinuka kwenda kuzima mashine. Nje, jenereta ilikuwa imeanza kubadilisha mlio. Rosa akasogea kuchomoa sindano.

Hapo ndipo kikohozi kiliposikika barazani.

Theodosia alikijua kikohozi kile. Mzee Tharsisi akasimama mlangoni, koti jeusi, fimbo mkononi, amekuja kuchukua jibu lake. Na mwanamke aliyekuwa akilia kwa kuwa anaachwa na ukoo ule, akafuta machozi, akajifunga kanga kifuani, akashuka kitandani na sindano bado iko mkononi.

"Ningemzuiaje?" anauliza Rosa. "Mimi ni Muha. Baba mkwe yuko mlangoni! Hata mimi ningeinuka."

Theodosia akainama, akafumbata mikono, akaamkia kwa Kiha. "Mwakeye, baba."

Daktari alikuwa ameshika swichi. Aligeuka kutazama nani ameingia, macho yake yakapita kwenye uso wa mgonjwa wake, yakarudi. Midomo iliyokuwa myekundu sasa hivi ilikuwa inaiva kama zambarau, mbele yake, mchana kweupe.

Swichi hakuizima.

"Sindano ipo?"

"Ipo, daktari."

"Usiiguse. Tikisa maji mengine. Melkiadi, mshike mkeo kwa nyuma."

Akachukua kipimo cha mashine, akakirudisha kifuani pa Theodosia. Rosa, kabla ya kushika kitu kingine chochote, alitundika shuka kati ya mgonjwa na mzee, upande mmoja msumarini na mwingine kwenye nguzo ya kitanda, ili mzee aone uso peke yake. Adabu ni adabu.

Kisha daktari akamgeukia mzee na kusema naye kwa Kiha chake cha mjini.

"Mzee, msalimie mkweo."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Salamu zote, usikate hata moja. Nahitaji asimame."

Mzee Tharsisi hakuelewa, lakini hakuna Muha anayeombwa salamu akainyima. Akamwuliza usiku ulivyokuwa. Theodosia akajibu. Akamwuliza kama watoto wameamka.

"Wameamka, baba."

"Na ng'ombe?"

"Wameamka, baba." Sauti ilikuwa imekwisha kupungua. Melkiadi akamkaza kwa mikono miwili. Jenereta nje ikakohoa, kioo kikafifia, kikawaka tena.

"Ingiza," daktari akamwambia Rosa.

Mzee alikuwa anautazama uso ule juu ya shuka. "Sijawahi kuona midomo ya mtu aliye hai ikiwa vile," anasema sasa. "Nikataka kukoma. Daktari akanipigia kelele, 'Endelea, mzee!' Nikamwuliza habari za migomba. Nikamwuliza habari za majirani. Kila nikiuliza, anajibu, na kila akijibu anazidi kuwa mweusi. Nilikuwa namwua kwa salamu."

Kwa nini alijibu zote? Theodosia analijibu swali hilo kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanateremka.

"Nilijua nikianguka kabla hajamaliza, nakwenda Kumsenga."

Kwenye kioo, vipovu vilijaa upande wa kulia. Kisha, kwa mapigo machache tu, vikaonekana ng'ambo. Vilimiminika upande wa kushoto kama pumba zinazopepetwa upepo unapogeuka, vyeupe, vingi, mahali ambapo dakika chache nyuma palikuwa peusi.

"Nimeona!" daktari akasema, na jenereta ikazimika.

Katika mwanga wa dirisha alimtoa damu tena kwenye kifundo cha mkono, haraka, Melkiadi amembeba karibu uzito wote. Ikatoka nyeusi. Aliiweka mezani karibu na ile ya kwanza. Mzee Tharsisi, mtu aliyechinja ng'ombe wengi na anayeijua damu, alisogea akazitazama zile bomba mbili.

"Hizi ni za mtu mmoja?"

"Za mtu mmoja, mzee. Hii amelala. Hii anakusalimia."

Theodosia bado alikuwa wima, mikono imefumbata, akingoja swali linalofuata. Ndipo mzee aliposema neno ambalo wote waliokuwa chumbani mle wanalikumbuka.

"Lala, mwanangu," alisema. "Lala. Nimemaliza."

Daktari Khatibu anaeleza ugonjwa wenyewe kwa maneno mepesi. Kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo kuna kilango ambacho kila mtoto huwa nacho tumboni mwa mama. Baada ya kuzaliwa hujifunga, na kwa watu wengi ambao hakikujifunga sawasawa huwa hakidhuru. Mgongo wa Theodosia ulipopinda, moyo nao ulivutwa kidogo kutoka mahali pake. Akisimama, kilango kinavutika na kufunguka, damu isiyo na hewa inapita njia ya mkato. Akilala, kinafunga.

Hakuna dawa ya kunywa. Kifua kinatakiwa kifunguliwe na kilango kishonwe, kazi ambayo lazima aifuate nje ya nchi. Maombi yamekwenda Dar es Salaam na daktari anayafuatilia. Jibu bado. Naye hafichi jambo: tone la damu iliyoganda likipita kwenye kilango hicho linaweza kwenda kwenye ubongo siku yoyote. Theodosia ameambiwa. Melkiadi ameambiwa pia, na ndiyo maana humwamsha mkewe kila alfajiri kwa kumgusa bega na kungoja ajibu.

Kumsenga hakurudishwa. Kwenda ghalani anakwenda mwenyewe, kwa vituo. Kando ya njia kuna mahali ambapo majani yamelala daima, na wapita njia wakimkuta hapo amejinyoosha humsalimia na kuendelea. Kazi ya kuchambua aliiomba kwa sababu ndiyo pekee katika kijiji inayoweza kufanywa na mtu aliyelala. "Siwezi kungoja jibu la Dar es Salaam huku nimekaa bure," anasema, na kujicheka. "Basi nangoja nimelala."

Ukungu umeanza kuinuka. Madebe yamejaa nusu. Mara, nje ya ghala, mtu anakohoa.

Vidole vya Theodosia vinasimama juu ya ungo, na bega lake linatikisika kidogo, kama la mtu anayetaka kuinuka kwa mazoea ya maisha yake yote. Wanawake wanautazama mlango.

Mlangoni hapaonekani mtu. Sauti inatoka nyuma ya ukuta, chini ya mchirizi wa bati, upande usio na dirisha.

"Mwakeye, mama Esteri!"

Anaanza yeye, mzee, jambo lisilo la kawaida. Na anaanzia huko nje, kila asubuhi, kwa sababu aliyoifikiria mwenyewe bila kuulizwa na mtu: mkwe asiyemwona baba mkwe hana wajibu wa kuinuka. Mila haijavunjwa na damu haijageuka.

"Mwakeye, baba," anajibu Theodosia, na bega linatulia.

Salamu zinaanza kupita ukutani. Usiku ulikuwaje. Watoto wameamkaje. Ng'ombe. Migomba. Vidole vimerudi kazini. Nyeusi huku, nzima kwenye debe. Zinafika kwenye maharage. Zinafika kwa majirani na wagonjwa wao. Midomo ya Theodosia ni myekundu mpaka mwisho.

Fimbo inasikika ikiondoka kwenye mawe. Mwandishi anamwuliza anatumaini nini, kama jibu litakuja, kama safari itakuwapo, kama atarudi.

Anaokota punje moja ya buni.

"Nikirudi," anasema, "baba atapita mlangoni."